Aliyemuua Bwana Magogo

Nilipokwenda kuagiza kabati kwa fundi mmoja huku ninakoishi sasa, mbali na kwetu, nilikuta vijana wake wanaranda mbao mbichi za msindano. Harufu ile ilinisimamisha mlangoni. Fundi alidhani naogopa vumbi, akaniwekea kiti nje. Sikuwa naogopa vumbi. Nilikuwa nimerudi kwenye ukumbi wa shule yetu ya msingi, ule wenye sakafu iliyopasuka, ambao siku moja tuliumwagia maranda kutoka kona hadi kona ili ufanane na nyumba ya tajiri wa mbao. Tuliwakalisha wazazi wetu humo, tukawapa chakula, na tukamuua mtu mbele ya macho yao.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara itokayo Makambako kwenda Njombe, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia hadi darasani na mwalimu huandika ubaoni akiwa amevaa koti. Ninyi mliokulia huko mnaijua baridi ile. Tulikwenda shule na kuni mkononi kwa ajili ya jiko la shule, na vidole vilipokufa ganzi tulivitia kwapani. Maisha yetu yalikuwa viazi, mahindi, kanisa na miti. Mtu aliyekuwa na shamba la misindano alihesabiwa kuwa mtu. Baba yangu hakuwa na miti mingi, lakini alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu, na hilo lilitosha. Nyumbani kwetu wageni walikaribishwa sebuleni, na mimi nilipopita njiani nilisalimiwa na watu wazima kabla sijawaamkia.

Nilikuwa darasa la saba alipokuja Mwalimu Shose. Alitoka Kilimanjaro, msichana mwembamba ambaye ndiyo kwanza ametoka chuoni. Watu walipomsalimu kwa Kibena, “Kamwene,” alijibu “Salama,” na wote wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Alitufundisha Kiswahili kwa namna ambayo hatukuizoea. Alitusomea hadithi akibadilisha sauti, akituuliza tunadhani nini kitafuata, na tukikosea hakuchapa.

Siku moja alifunga kitabu, akauliza, “Wazazi wenu wakija Siku ya Wazazi huwa wanafanya nini?”

“Wanasikiliza risala,” tukajibu.

“Halafu?”

“Wanakwenda nyumbani.”

Akakaa juu ya meza yake, jambo ambalo mwalimu mwingine asingelifanya. “Mwaka huu watakula,” akasema. “Na wakiwa wanakula, mtu atakufa.”

Akatueleza. Alipokuwa chuoni, dada yake alifanya kazi kwenye hoteli moja ya watalii, na huko aliona mchezo wa aina hiyo. Watu wanakaa mezani wanakula, waigizaji wanapita katikati yao, mmoja anauawa, na wale wanaokula ndio wanaotafuta muuaji ni nani. Hakuna jukwaa wala pazia. Mwisho kila mmoja anasema anamshuku nani, kisha muuaji anasimama anakiri, watu wanapiga makofi na wanamalizia chakula chao. Tulimsikiliza midomo wazi. Sisi tulizoea ngonjera, na kwaya, na igizo la mlevi anayempiga mke wake.

Aliandika mchezo mwenyewe. Tajiri wa mbao, Bwana Magogo, amealika watu nyumbani kwake mchana awatangazie nani atamwachia karakana yake. Kabla hajatamka jina, anakunywa chai, anaanguka, anakufa. Wanaoshukiwa ni wanne: mdogo wake, dereva wa lori lake, binti yake na mpishi wake. Bwana Magogo akapewa Gervas, kwa sababu ya mashavu. Mimi nilipewa binti. Tumaini aliomba mwenyewe kuwa mpishi.

Tumaini alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tulikaa dawati moja, na katika mitihani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza na mimi nikimfuata, au wakati mwingine Gervas. Baba yake alikuwa mtu wa pale pale kijijini, Mbena kama sisi, lakini ujanani alishuka hadi Manda, kule Ludewa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akafanya kazi ya useremala, akarudi na mke. Mama Tumaini alikuwa mweusi kuliko mama zetu, mrefu, na alipoongea Kibena alikiongea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Baridi ilimtesa. Hata mchana wa jua alijifunga kitenge cha pili mabegani.

Tulipokuwa darasa la nne baba yake Tumaini aliugua. Tumbo lilimvimba, miguu ikavimba, macho yakawa ya njano. Walimpeleka Ikonda, kwenye hospitali ya misheni, wakaambiwa ini limekwisha, wakarudi naye. Nakumbuka nikipita kwao na ndoo ya maji, namwona amekalishwa mlangoni kwenye jua, na Mama Tumaini amechuchumaa mbele yake anampa uji kwa kijiko, anampangusa kidevu, anampa tena. Baada ya msiba nilianza kusikia neno moja kila walipokutana wanawake kisimani au baada ya ibada. Walisema, “Yule alilishwa.” Walilisema kwa sauti ya chini, wakitazama pembeni.

Mimi nilielewa nilivyoelewa. Alilishwa, ndiyo, hata mimi niliona. Nilidhani wanamsifu mke aliyemhudumia mumewe, na sikujua kwa nini sifa itolewe kwa kunong’ona. Siku moja nilimwuliza mama, “Kumlisha mgonjwa si vizuri?” Mama alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. “Hayo ni ya wakubwa,” akasema. “Usiyarudie mahali popote.” Sikuambiwa kwamba katika vinywa vya watu wazima wa kijiji chetu neno lile lilikuwa na maana ya sumu.

Mazoezi tulifanya ukumbini baada ya vipindi. Mwalimu Shose aliniita peke yangu chini ya miti ya milingoti nyuma ya ofisi, akanishika bega. “Wewe ndiye muuaji,” akaniambia. “Hajui mtu mwingine isipokuwa mimi na wewe. Usimwambie hata Tumaini.” Moyo ulinidunda kwa furaha. Akanipa kikaratasi chenye unga wa ngano uliokunjwa ndani. Hiyo ndiyo sumu. “Utakuwa unamimina chai ya baba yako,” akasema, “na utakitoa hiki kwenye mkono wa gauni, utatia kikombeni, utakoroga. Usijifiche. Fanya taratibu kabisa, kila mtu aone. Nataka mtu anayetazama aone. Asiyetazama, shauri yake.”

Mwalimu Mkuu alipita siku moja akasimama mlangoni kutazama mazoezi. Tumaini alikuwa amefunga aproni, ameshika upawa, anasema maneno yake kwa ile sauti yake iliyofika nyuma bila kupaazwa. Mwalimu Mkuu akamwuliza Mwalimu Shose, “Huyu ndiye umempa upishi?”

“Ndiyo, Mwalimu. Anaweza sana.”

Akatutazama kwa muda. “Haya,” akasema, akaondoka zake. Nilifikiri amependezwa, na nikaona wivu kidogo.

Shule haikuwa na uwezo wa kuwalisha wazazi wote, kwa hiyo Mwalimu Shose aliomba kila nyumba ije na sufuria moja. Asubuhi ya siku yenyewe mama alipika wali na kuku, akafunika kwa kitambaa cheupe chenye maua ya kufuma. Tulipokuwa njiani akaniambia, “Utakula kwenye sufuria letu tu. Umenisikia?”

“Kwa nini, mama?”

“Kwa sababu nimesema.”

Nikadhani anajivunia upishi wake na hataki niuache niende kula wa wenzake.

Ukumbi ulinukia maranda na vitunguu. Meza za darasani zilipangwa pembeni zikaacha nafasi katikati, na katikati tukaweka meza ya Bwana Magogo, yenye birika na kikombe kikubwa cha bati chenye maua. Sufuria zote ziliwekwa kwenye benchi refu karibu na dirisha. Mama Tumaini alikuja miongoni mwa watu wa mwisho, sufuria kichwani limefungwa kitenge. Kaka yake alikuwa amemletea mbasa, samaki wa ziwani, waliobanikwa kutoka Manda, naye akawapika kwa nyanya na vitunguu hadi mchuzi ukawa mzito mwekundu. Alipofunua, harufu yake ilizishinda sufuria zote. Nakumbuka mwanamke aliyekuwa karibu akasogeza sufuria lake likae mbali kidogo na lile. Mama Tumaini akalitazama pengo lililobaki, akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Wakati wa kupakua, watu walipita sufuria baada ya sufuria, wakifika kwenye lile la Mama Tumaini mkono unaruka. Mwalimu Shose peke yake ndiye aliyejipakulia kipande kikubwa, akala amesimama, akitoa miiba kwa vidole, anamwambia Mama Tumaini kwamba samaki kama huyu hajawahi kumwonja tangu azaliwe. Mama Tumaini alifunika mdomo kwa kitenge akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba.

Mchezo ukaanza. Gervas akaingia amevaa koti la baba yake, mto tumboni, akitembea kama mwenye shamba la misindano hadi Ludewa, na wazazi wakacheka mpaka wengine wakapangusa machozi. Halafu akaingia Tumaini na aproni yake. Sehemu yake ilikuwa kupita kwenye meza akiwakaribisha wageni chakula. Sufuria lililokuwa limejaa lilikuwa moja tu, kwa hiyo alilichukua hilo, la mama yake. Akaenda meza ya kwanza, upawa mkononi, akasema kama alivyofundishwa, “Karibuni, wageni wa Bwana Magogo. Kuleni mshibe.”

Mzee mmoja akafunika sahani yake kwa kiganja. “Nimeshiba, mwanangu.”

Sahani yake ilikuwa na wali ambao hajaugusa. Tumaini akaenda kwa mwingine, naye akafunika. Akaenda meza ya pili, viganja vikashuka juu ya sahani kimoja baada ya kingine. Sisi tuliosubiri zamu zetu kando ya ukuta tulicheka. Tulidhani wazazi wameingia kwenye mchezo, wanaigiza wageni wenye maringo. Hata Tumaini mwenyewe alitabasamu, akaongeza neno lake, “Wageni wa leo wanaogopa kunenepa,” na Mwalimu Shose akapiga makofi. Alipofika meza ya wazazi wangu, mama alitazama dirishani. Baba akasema taratibu, “Asante, binti, baadaye.”

Zamu yangu ikafika. Nilikwenda kwenye meza ya katikati, nikainua birika kwa mikono miwili. Nilifanya kama nilivyoambiwa. Nilimimina chai, nikakitoa kile kikaratasi kwenye mkono wa gauni, nikakifungua mbele ya kifua changu ili hata waliokaa nyuma waone, nikamwaga unga kikombeni, nikakoroga, kijiko kikalia kwenye bati. “Baba, chai yako,” nikasema. Unga kidogo ulimwagikia mezani, nami nikaupangusa kwa kiganja.

Gervas akanywa, akasimama atangaze jina, akashika koo, akaanguka kwenye maranda. Aliguna vizuri mno. Kicheko kilianza mahali pamoja kikakatika. Mtoto aliyeigiza askari akaja na filimbi yake, akatupanga wanne kwenye mstari, akatuuliza mmoja mmoja. Tumaini alipoulizwa akasema maneno yake, “Mimi nimepika tu, afande. Sikumpa kitu.” Mtu mmoja nyuma akasema jambo kwa Kibena, kwa chini, na watu wakaguna pamoja. Mwalimu Shose alitabasamu. Hakuelewa lugha, alidhani wamenogewa.

Kisha akasimama kuwaeleza wazazi sehemu iliyobaki. Kila mmoja ainuke, akasimame nyuma ya yule anayemshuku.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Obadia, baba mdogo wake Tumaini. Alikuwa mtu mpole wa kuongea, aliyekuja mara nyingi nyumbani kwetu kuzungumza na baba juu ya shamba la misindano aliloacha marehemu kaka yake. Akapita katikati ya ukumbi, viatu vikisaga maranda, akaenda kusimama nyuma ya Tumaini. Mke wake akamfuata. Halafu meza yao yote. Halafu meza iliyofuata. Viti vilikwaruza sakafu, watu wakainuka kama wanavyoinuka kanisani kwenda mezani kwa Bwana, kwa utaratibu, bila kusukumana. Nyuma ya dereva hakukuwa na mtu. Nyuma ya mdogo wa tajiri hakukuwa na mtu. Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Niseme nilivyohisi, maana ndicho kinachonikaa kooni mpaka leo. Nilijivuna. Nilijiona mwigizaji hodari, nimetia sumu mbele ya kijiji kizima na hakuna aliyeniona. Na papo hapo nilimwonea wivu Tumaini, kwa vile watu walivyojaa nyuma yake hadi wengine wakakosa nafasi. Nilidhani ameshinda. Naye alidhani hivyo hivyo, kwa muda mfupi. Aligeuka kuwatazama akitabasamu, upawa bado mkononi. Nikaona tabasamu lile linabaki kwenye midomo wakati macho yameshaondoka. Nadhani alimtafuta mtu mmoja anayemtazama kama mtu anayecheza, asimpate.

Baba yangu aliinuka karibu na mwisho. Alirekebisha koti lake, akanipita karibu kabisa bila kunitazama, akaenda upande ule.

Mtu mmoja tu alikuwa bado amekaa. Mama Tumaini alikuwa mwisho wa benchi, mikono magotini. Akauangalia umati uliokuwa nyuma ya mwanawe, muda mrefu. Kisha akainuka, akapita mbele yao wote, akaja akasimama nyuma yangu. Akaweka mkono begani kwangu, mkono wa joto wenye harufu ya vitunguu na samaki.

“Ni huyu,” akasema. “Nimemwona akitia unga kwenye kikombe.”

Hakusema kwa hasira. Sauti yake ilikuwa na furaha ndogo ya mtu aliyefumbua fumbo. Katika ukumbi ule wote, yeye peke yake alikuwa ametazama mchezo.

“Mnamwona,” mwanamke mmoja akasema nyuma ya Tumaini. “Anamtupia mtoto wa Mwinjilisti.”

Mwalimu Shose akanikonyeza, ndiyo ishara yetu. Nikatoka mstarini nikasema kwa sauti, “Ni mimi niliyemuua Bwana Magogo.” Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi ile njiani, kwenye kisima, kitandani. Nilisubiri makofi. Gervas, ambaye alitakiwa abaki amekufa, ndiye aliyeanza kupiga akiwa chini, na Mwalimu Shose, na Mama Tumaini. Wengine walisimama tu.

Obadia akasema kwa upole wake, “Mwalimu, mmebadilisha mwisho. Si neno. Tumeelewa.”

Watu wakaanza kuchukua sufuria zao. Mama alinishika mkono akanivuta nje kabla sijavua gauni la Binti Magogo. Nilipogeuka niliwaona Mama Tumaini na mwanawe wamesimama kwenye maranda, na Mwalimu Shose anawaambia jambo akikunja na kukunjua karatasi za mchezo wake.

Yaliyofuata niliyasikia vipande vipande, na nimeyaunga ukubwani. Ukoo wa marehemu ulikaa. Kwa muda mrefu walikuwa wakimtaka Mama Tumaini aondoke, aache nyumba na miti, lakini baadhi ya wazee walisita kwa sababu hospitali ilisema ni ini, na kwa sababu baba yangu, ingawa hakumtetea, hakuwa amesema neno. Sasa Obadia alikuwa na la kusema. Kijiji kizima kilisimama nyuma ya mtoto wa yule mwanamke, alisema. Mwinjilisti naye alisimama. Mnataka nini zaidi? Mwalimu Shose alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akamweleza kwamba ule ulikuwa mchezo, ameuandika mwenyewe, na muuaji alikuwa binti. Mwenyekiti alimsikiliza, akamwambia, “Mwalimu, wewe ni mgeni.” Baadaye alihamishiwa shule nyingine. Siku ya kuondoka alitugawia kalamu zake za rangi, na hatukuigiza tena kitu chochote zaidi ya ngonjera.

Shuleni wenzetu waliacha kugusa kikombe ambacho Tumaini amekunywea. Waliendelea na mchezo kwa namna yao, wakimwita Mpishi, wakifunika sahani za makande kwa viganja akipita. Sikuwafuata katika hilo, lakini dawati letu lilianza kuwa kubwa. Mama alizungumza na mwalimu wa darasa, nikahamishwa mbele, eti kwa ajili ya macho yangu, ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Waliondoka kabla ya mtihani wa kumaliza. Kaka wa Mama Tumaini alikuja kutoka Manda, wakafunga magodoro na sufuria, wakasubiri gari barabarani tangu asubuhi kwenye ukungu. Nilikuwa naenda shule. Tumaini alikuwa amekaa juu ya godoro, amevaa sare ya shule, sijui kwa nini.

“Utafanyia wapi mtihani?” nikamwuliza.

“Mama anasema tutaona.” Akachezea uzi wa sweta. “Halafu mama anasema wewe uliigiza vizuri kuliko wote. Anasema ulikoroga kama mtu anayekoroga kweli.”

Nilimshukuru. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesifiwa, nikasema asante, nikakimbia kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Mwaka ule ule misindano ya baba yake ilikatwa, ingawa haikuwa imekomaa, na kwa miezi kadhaa kilima kile kilibaki na visiki vyeupe. Tumaini hakufanya mtihani. Niliwahi kumwuliza mtu wa Manda niliyekutana naye Njombe, akaniambia anamfahamu, anauza dagaa, ana watoto, na mama yake alikwishafariki. Alikufa kwa kifua. Nilipata namba ya simu. Nilipiga, akapokea, nikajitambulisha. “Nakukumbuka,” akasema, kwa adabu, kama unavyomjibu mtu wa ofisini. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu, nikamwuliza za kwake, akanijibu. Akasema kuna wateja. Sijapiga tena.

Baba yangu bado yupo. Amestaafu uinjilisti, miguu inamsumbua, siku nyingi anakaa jikoni karibu na moto. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani tulikuwa wawili, mama amekwenda shambani kuchimba viazi. Nilimwuliza kama anakumbuka mchezo wa Bwana Magogo. Akasema anakumbuka. Nikamwuliza kama kweli aliamini mke wa marehemu alimlisha mumewe.

“Nilikwenda nao Ikonda,” akasema. “Daktari alinieleza mimi mwenyewe.”

“Sasa kwa nini ulisimama kule?”

Akachokoa kuni. “Ulikuwa mchezo, mama.”

“Lakini muuaji nilikuwa mimi. Nilitia unga mbele ya watu wote.”

“Najua. Nilikuona.” Akaendelea kutazama moto. “Tulikuona wote.”